Niliuliza kwa Sauti

Mwaka ule nilikuwa karani wa kura
katika shule yetu hapa Msaranga, Moshi.
Darasa la Nne B. Madawati tumeyasukuma ukutani,
ubaoni ngeli ya KI-VI, mwandiko wangu, haijafutwa.
Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Mnyiramba wa Singida;
Kichaga changu kinaishia kwenye salamu.

Akaingia Ndeanasia Mmari,
aliyepofushwa na surua kabla hajaota meno ya pili.
Kiswahili chake ni cha soko la Kiboriloni:
debe, shilingi, punguza, hapana.
Mjukuu wake nilimzuia mlangoni. "Mmoja mmoja!"
Kanuni ilimruhusu kuingia naye. Tulifundishwa semina,
siku ile ya soda na karanga.
Lakini foleni ilikuwa imefika kwenye bomba la maji.

"Bibi, unamtaka nani?"
Kimya.
Nikauliza tena, kwa sauti,
kana kwamba neno usilolijua
utalijua likipigiwa kelele.
Mawakala wakainua vichwa.
Akalitaja jina
kama mtu anayevuliwa nguo mbele ya wakwe.
Nikaweka vema pale aliposema, naapa,
ila kabla wino haujamkauka kidoleni
kura yake ilishafika buchani,
inapimwa pamoja na maini.

Uchaguzi uliofuata hakuja.
Siku hiyo alikuja Kalisti, fundi viatu,
na baiskeli yake ya magurudumu matatu.
Akakwama kwenye ngazi.
Ngazi tatu tu. Tukambeba kama kabati;
mguu wa kushoto niliushika mimi.
"Mwalimu," akasema akiwa hewani,
"nimekuja kuchagua, sikuja kuhamishwa."
Wiki iliyofuata akaniletea vipimo
vimeandikwa kwenye kifuniko cha boksi la viatu:
saruji mifuko minne, mchanga, kokoto,
mteremko usizidi hapa.
Halmashauri wakajibu bajeti imeshapita.
Tukachanga. Mwenye bucha alitoa mfuko mmoja,
sijui kwa nini.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu habari za bibi.
Mke wangu ni wa Uru. Hakunijibu.
Alfajiri akakata jani la isale mpakani mwa kihamba,
akalifunga fundo, akaniwekea mkononi:
"Nenda nalo. Na usiongee sana."

Nilimkuta Ndeanasia anachambua kahawa mbivu na mbovu,
vidole vinaenda mbele ya maneno.
Nikampa jani. Akalipapasa mpaka kwenye fundo,
akasimama hapo.
Kisha akasema kitu, kirefu, kwa taratibu,
na mjukuu, Aikaeli, akanifupishia:
"Anasema ulikuwa na haraka."

Basi.

Oktoba hii wamekuja wote wawili.
Kuna jalada la nukta nundu, na matundu yake,
kila tundu na mtu wake.
Aikaeli anamsomea majina sikioni, kwa lugha ya jikoni kwao.
Wakala mmoja anajongea. Namwambia rudi kwenye kiti chako.
Mimi mwenyewe nawapa kituturi mgongo,
nasoma ubao: kiti, viti. Kisu, visu. Kidole, vidole.
Nyuma yangu kidole kinashuka tundu kwa tundu,
kinapita, kinarudi,
kama kinachokataa punje mbovu.
Kinakawia. Foleni imefika kwenye bomba la maji.
Acha ifike.

Karatasi ikaangukia sandukuni.
Alimchagua nani? Hata mimi sijui,
wala bucha haijui,
leo wanauza nyama tu.

Mlangoni mguu wake ukanyooka kuitafuta ngazi,
ukapapasa, ukakuta saruji inateremka.
Akacheka peke yake.
Chini yake Kalisti anapiga kengele ya baiskeli:
"Pita, mama, ama nipite mimi!"
"Hapana," akajibu Ndeanasia, kwa Kiswahili cha sokoni,
akapita.